Lumumba na picha ya Likasi iliyopigwa Brussels

Katika Kiswahili kitenzi kimoja hubeba kazi mbili: tunampiga mtu, na tunampiga mtu picha. Hapa Likasi wengi tunasema kupiga foto, lakini kitenzi ni kilekile. Darasani tunafundishwa kwamba katika matumizi ya pili kitenzi hiki kimepoteza uzito wake na kuiachia nomino kazi ya kubeba maana. Nakubali. Hata hivyo, nikiyafuata maisha ya Patrice Emery Lumumba kwa njia ya picha zake, naona maana hizo mbili zikikaribiana mno.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 huko Onalua, Sankuru, akawa karani wa posta mjini Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Wakati huo picha nyingi za Wakongo zilipigwa kwa mpango wa mkoloni: mtu husimama mbele ya nyumba ya nyasi au lango la mgodi, bila jina, awe mfano wa kabila au wa kazi. Mandhari ndiyo iliyomweleza. Lumumba, kama makarani wenzake, alifika mbele ya kamera na mandhari yake mwilini: suti, miwani, nywele zilizochanwa zikaachwa njia upande mmoja, ndevu chache kidevuni. Mtazamaji alilazimika kuanza na uso.

Mwaka 1958 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha MNC, na Desemba akahudhuria mkutano wa Waafrika mjini Accra. Baada ya ghasia za Stanleyville mwishoni mwa Oktoba 1959, alikamatwa. Tarehe 21 Januari 1960 alihukumiwa kifungo cha miezi sita, akaletwa Katanga na kufungwa Jadotville, yaani hapa kwetu Likasi. Alikaa siku chache tu. Wajumbe wa Kongo waliokutana na Wabelgiji mjini Brussels walidai aachiliwe, naye akapelekwa huko kwa ndege. Alipofika, aliinua mikono mbele ya wapiga picha ili waone vifundo vya mikono vilivyofungwa bendeji pale pingu zilipomuumiza.

Kwangu mimi hiyo ndiyo picha ya Likasi. Haionyeshi ukuta wa gereza, wala bomba la moshi la Shituru, wala kilima chetu hata kimoja. Lakini gereza limo, kwenye vifundo vya mikono. Aliyefungwa ameubeba mji wetu hadi Ulaya na kuuweka mbele ya kamera kwa hiari yake.

Juni mwaka huohuo akawa waziri mkuu, akiwa na miaka 34. Picha ya tarehe 30 Juni, akitia sahihi hati ya uhuru na tai ya kipepeo shingoni, ndiyo ya mwisho ninayoiona kuwa yake kabisa. Septemba aliondolewa madarakani. Tarehe 2 Desemba, baada ya kukamatwa akitoroka kuelekea Stanleyville, alishushwa uwanja wa ndege wa Léopoldville mikono ikiwa imefungwa nyuma, bila miwani. Alipandishwa kwenye lori, na mbele ya kamera askari akamshika nywele ili uso uinuke. Hapo kupiga na kupiga picha vilikuwa tendo moja.

Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa karibu na Élisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili yao iliyeyushwa kwa asidi lisipatikane kaburi. Picha ya kifo hicho hatuna. Katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa hapa Katanga aliichora mwenyewe: maiti tatu chini, misalaba mitatu nyuma yao. Alimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian michoro yake kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Kwa hiyo kilichokosekana kwenye filamu kimehifadhiwa kwa rangi na kwa lugha.

Siku hizi Sammy Baloji wa Lubumbashi, aliyewahi pia kuipiga picha Likasi, huwatoa wafanyakazi kwenye picha za kikoloni na kuwasimamisha kwenye magofu ya Gécamines. Anabadilisha mandhari ili tuwatazame watu upya. Lumumba alilifanya hilo mapema, kwa vifundo vya mikono yake tu.

Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino lake moja, likazikwa Kinshasa. Hapa Likasi wapo wazee wachache waliokuwa watu wazima alipofungwa. Ningependa kitivo chetu kiwapelekee picha ile ya Brussels, kiwarekodi wakiieleza kwa Kiswahili cha hapa, maneno yao yaandikwe kama yanavyotamkwa. Wakiondoka, picha itabaki, lakini itakuwa ya uwanja wa ndege tu.