Mtakatifu Benoît-Joseph Labre, Msafiri wa Mungu

Katika siku hizi za jubile wakristu wanafika parokiani kutoka mashirika ya mbali, wengi wao kwa miguu, nao wanalala katika nyumba za watu wasiowajua. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia ninyi wakristu wenzetu, pamoja nanyi mapadri mliotutembelea, maisha ya mtakatifu ambaye barabara ilikuwa monasteri yake.

Benoît-Joseph Labre alizaliwa tarehe 26 Machi 1748 katika kijiji cha Amettes, kaskazini mwa Ufaransa. Alikuwa kifungua mimba katika jamaa ya watoto 15. Akiwa bado mtoto alipelekwa Erin kwa ndugu ya baba yake, aliyekuwa padri paroko, ili ajifunze kilatini na siku moja awe padri. Mwaka 1766 ugonjwa wa kuambukiza uliingia parokia ile. Padri na kijana hawakukimbia. Padri aliwapelekea wagonjwa masakramenti, kijana aliwatunza wao na mifugo yao. Mwishoni padri naye alishikwa na ugonjwa, akafariki.

Benoît-Joseph alitamani kuwa mmonaki. Alitembea kwa miguu mpaka La Trappe, lakini wakamwona kuwa mdogo mno. Akabisha hodi kwa Wakartusi, wasimweke. Mwaka 1769 monasteri ya Sept-Fons ilimpokea, akavikwa kanzu na kupewa jina la Urbain. Lakini roho yake ilijaa mashaka na mwili wake ukadhoofika, hata wakubwa wakamwachisha. Mwezi wa Julai 1770 alitoka akiwa na umri wa miaka 22, pasipo kazi wala makao. Sisi tuliopitia seminari ndogo tunajua namna mlango wa namna hii unavyofungwa, na jinsi mtu anavyoweza kudhani kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyemkataa.

Yeye hakudhani hivyo. Alishika njia ya Roma, na barabarani akafahamu wito wake: kuishi kama maskini na mgeni, akisali toka mahali patakatifu hata mahali patakatifu. Alivaa nguo zilizochakaa, rozari shingoni na msalaba kifuani. Mkobani mwake alichukua Injili na vitabu vichache vya sala. Tarehe 31 Agosti 1770 aliandika barua kwa wazazi wake kutoka Chieri, nchini Italia. Hawakumwona tena.

Kwa muda wa miaka saba alitembea Ulaya: Loreto, Assisi, Bari, Einsiedeln katika Uswisi, na mwaka 1773 Santiago de Compostela katika Uhispania. Hakupanda gari la farasi, na mara nyingi alilala nje. Alipopewa chakula, alichukua kilichomtosha siku ile na kuwagawia maskini wenzake kinachobaki. Siku moja mtu alimpa sarafu, akamwona akimpa mwingine mara hiyo. Akafikiri kwamba sadaka yake imedharauliwa, akampiga fimbo. Msafiri alinyamaza, akaendelea na njia.

Lakini wengi walimfungulia. Huko Loreto, alikofika mara 11, jamaa ya Sori ilimpa mahali pa kulala, naye akachagua pembe iliyo duni kuliko zote. Na katika ile safari ya kwanza ya mwaka 1770, yasimuliwa kwamba alifika Dardilly, karibu na mji wa Lyon, akalala kwa mkulima mmoja aliyezoea kupokea maskini. Jina la mkulima huyo lilikuwa Pierre Vianney. Mwaka 1786 katika nyumba ile alizaliwa mjukuu wake, Jean-Marie, nayo desturi ya kuwakaribisha maskini ilikuwa ingali hai. Mtoto huyo ndiye padri paroko wa Ars, ambaye Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1929 akamweka kuwa msimamizi wa maparoko wa dunia yote. Mtakatifu mmoja alikula mezani pa babu wa mtakatifu mwingine, na mwenye nyumba hakujua habari ya hao wawili.

Tangu mwaka 1777 Benoît-Joseph alikaa Roma, asiondoke ila kwa hija ya Loreto kila mwaka. Usiku alijilaza katika magofu ya Colosseum, na baadaye katika nyumba ya kulaza maskini. Mchana alisali mbele ya Ekaristi, hata watu wakamwita maskini wa Saa Arobaini. Tarehe 16 Aprili 1783, Jumatano ya Juma Takatifu, alianguka ngazini pa kanisa la Santa Maria ai Monti. Mchinja nyama aitwaye Zaccarelli alimchukua nyumbani kwake, akafia humo jioni ile, mwenye umri wa miaka 35. Watoto walikimbia njiani wakitangaza kwamba mtakatifu amekufa. Alizikwa katika kanisa lile siku ya Paska. John Thayer, mchungaji wa Kiprotestanti kutoka Marekani aliyekuwapo Roma, alichunguza miujiza iliyosimuliwa, akaingia Kanisa Katolika mwaka ule ule, kisha akawa padri.

Papa Leo XIII alimtangaza Benoît-Joseph kuwa mtakatifu tarehe 8 Desemba 1881. Wakati huo Mapadri Weupe walikuwa wamekwisha kufika magharibi ya ziwa Tanganyika, nao vilevile walikuwa wageni waliohitaji kupokelewa.

Ndugu wakristu, katika nchi yetu wako wanaotembea kwa ajili ya sala, na wako wanaotembea kwa sababu vita imewafukuza. Wote hufika jioni, wamechoka na wenye vumbi, na hakuna alama usoni mwao ya kutuonyesha ni nani Mungu anayemtuma. Pierre Vianney hakungoja kuonyeshwa alama. Alisogeza kiti, akaongeza sahani moja.

Mtakatifu Benoît-Joseph Labre, utuombee.