Hans Wilsdorf: yatima aliyeipa saa ya mkononi heshima

Ukivuka mpaka kuingia Uganda ukaomba rolex, utapewa chapati iliyoviringwa na mayai. Kabla ya chapati, hata hivyo, jina hilo lilikuwa la saa, na aliyelisajili alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka mipaka kama wewe.

Hans Wilsdorf alizaliwa mwaka 1881 mjini Kulmbach, Ujerumani. Alifiwa na wazazi wote wawili akiwa na miaka 12. Ndugu waliomlea waliuza biashara ya familia na kumpeleka shule ya bweni. Alipokua alikwenda Uswisi, akaajiriwa na kampuni iliyouza saa nchi za nje. Kazi yake mojawapo ilikuwa kutia ufunguo mamia ya saa kila siku na kukagua kama zinakwenda sawa. Hapo alijifunza kupima mali kabla ya kuiuza.

Mwaka 1905, akiwa London, yeye na shemeji yake, Alfred Davis, walifungua kampuni iliyoagiza mashine za saa kutoka Uswisi. Zama hizo mwanamume wa heshima alibeba saa ya mfukoni yenye mnyororo. Ya mkononi ilionekana pambo la wanawake, isiyoaminika kwa majira. Wilsdorf alikata shauri kuiondoa shaka hiyo. Mwaka 1908 alisajili jina Rolex, fupi na rahisi kutamka kwa lugha nyingi. Mwaka 1914 saa yake ilipimwa siku 45 katika kituo cha Kew, Uingereza, ikapata cheti cha daraja A, ambacho hakuna saa ya mkononi iliyowahi kukipata.

Mwaka uliofuata, vita vikiendelea, Uingereza ilitoza saa za kutoka nje ushuru wa theluthi moja ya thamani yake. Anayejua forodha anajua maana yake. Wilsdorf akaanza kuhamishia biashara Uswisi, na hatimaye makao yakawa Geneva.

Mwaka 1926 alitoa Oyster, yaani chaza, saa isiyoingia maji. Mwaka 1927 Mercedes Gleitze aliingia nayo baharini kati ya Uingereza na Ufaransa. Baridi ilimshinda, akatolewa kabla ya kufika, lakini saa ilikuwa bado inakwenda. Wilsdorf akalipia tangazo ukurasa wa mbele wa gazeti. Wahenga walisema chema chajiuza. Yeye alikipima kwanza, kisha akakitangaza.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, maofisa wa Uingereza waliokuwa mateka Ujerumani walimwagiza saa. Aliwatumia, walipe vita vikiisha.

Mkewe alifariki mwaka 1944. Wilsdorf hakuwa na mtoto, hivyo mwaka uliofuata aliunda wakfu, ambao hadi leo ndio mmiliki wa kampuni. Alifariki Geneva mwaka 1960.

Mwaka 2017, saa ya Rolex ya chuma iliyovaliwa na mwigizaji Paul Newman, zawadi ya mkewe, iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Wilsdorf alikuwa amekufa kabla aina hiyo haijatengenezwa. Chuma hakina bei hiyo. Wakusanyaji hulipia uchache wake, mkono ulioivaa na ushahidi kwamba ndiyo yenyewe. Huo ushahidi ndio alioutafuta yatima wa Kulmbach alipopeleka saa yake Kew.