Bao lililomfungulia Mwalimu mlango wa shule

NANSIO. Ukivuka kwa kivuko kutoka Rugezi hadi Kisorya, ukapita Bunda na kushika barabara ya Musoma, si mbali utapata njia ya Butiama. Ndiko alikozaliwa, Aprili 1922, mcheza bao ambaye wengi tunamkumbuka kwa siasa tu: Julius Kambarage Nyerere.

Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Dogo alichunga mifugo, na shule haikuwa kwenye hesabu. Inasimuliwa kwamba chifu mmoja, rafiki wa baba yake, alizoea kucheza naye soro, bao la Wazanaki, akaona mtoto hakamatiki. Akamshauri Burito ampeleke shule.

Mzee yule aliona nini? Soro ina kanuni zake, lakini wanaocheza bao la Kiswahili wataelewa. Mchezo unaanza na kete 10 tu shimoni kila upande: sita kwenye nyumba, mbili na mbili pembeni yake. Zinabaki 22 mkononi, unanamua moja moja. Mchezaji mchanga anakimbilia kula, nyumba anaisafirisha mapema, na mtaji ukifika hana kitu. Mjanja anailinda, huku anahesabu kete ya mwisho itaangukia wapi. Na anahesabu kwa macho, maana ukigusa tu umeshacheza! Kwa mtoto ambaye hajawahi kushika kalamu, hiyo siyo hesabu ndogo. Halafu kuna watu wanasema bao ni la wazee waliokosa kazi.

Basi, mwaka 1934, akiwa na miaka 12, akaingia Shule ya Mwisenge, Musoma. Masomo ya miaka minne akayamaliza kwa mitatu. Mwaka 1937 Tabora, kisha Makerere, Edinburgh, na mengine mnayajua.

Mwalimu hakuwa bingwa wa mashindano, alikuwa mchezaji wa ridhaa kama hawa wa chini ya miembe. Lakini mchezo haukumtoka. Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima, na muda wa kupumzika ukifika alikaa na wanakijiji wenzake, bao likiwa katikati. Pale urais haukuongezi kete. Ukiishiwa mstari wa mbele, umefungwa.

Alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama.