Daktari Burkitt na uvimbe wa taya kwa watoto

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Alipoteza jicho moja utotoni, lakini bado akawa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946 alikuja kufanya kazi Uganda, kwanza Lira, baadaye Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 aliitwa kumwona mtoto mwenye taya zilizovimba pande zote. Wiki chache baadaye, mjini Jinja, alimkuta mwingine amevimba vivyo hivyo, na tumboni pia. Akatambua kuwa ni ugonjwa mmoja, nao ni saratani. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiulizia hospitali kwa hospitali. Waliukuta zaidi kwenye maeneo ya joto na mvua, ambako malaria ni nyingi.

Upasuaji haukutosha. Alipotumia dawa za saratani, baadhi ya watoto walipona kabisa. Burkitt alifariki mwaka 1993, na hadi leo dawa ndiyo tiba kuu.

Mama, au wewe mlezi, mtoto akivimba taya, meno yakalegea, jicho likatokeza au tumbo likavimba, usiishie kumng'oa jino. Saratani hii hukua haraka sana, ndani ya siku chache. Mpeleke hospitali mapema. Akianza dawa, uvimbe unaweza kupungua upesi, lakini usikatishe matibabu. Amalize dozi zote.