Edel Quinn: Mgonjwa Aliyekataa Kukaa Chini

Wahenga waliponena kuwa hujafa hujaumbika hawakuwa wakicheza na maneno. Methali hiyo nilikuwa nikiitia katika insha zangu kama mtu atiavyo chumvi kwenye mboga, bila hata kuifikiria. Niliielewa barabara nilipokuwa kidato cha pili, muhula wa pili, niliposhikwa na kikohozi ambacho hakikutaka kuondoka.

Nyumbani kwetu ni Ruiru, na kila siku ya shule huamka alfajiri mbichi ili niwahi matatu ya kuja Thika. Kikohozi kilianza kama mchezo. Mara jasho la usiku, mara hamu ya chakula ikapotea, mara shati la shule likaanza kuning'inia kama limeazimwa kwa kaka mkubwa. Makohozi yalipopimwa, ikajulikana kuwa nina kifua kikuu. Nikaandikiwa tembe za miezi sita. Dawa zenyewe hutolewa bure katika hospitali za serikali, lakini aibu niliilipia mwenyewe. Jirani mmoja alisema ati ni laana ya ukoo. Rafiki niliyekuwa nikiketi naye alihamia dawati la nyuma, na hata daktari aliposema kuwa sasa siambukizi mtu, hakurudi. Mimi niliyekuwa nikisoma somo kanisani kila Jumapili nikaacha hata kusali. Nilikuwa na swali moja tu kwa Mungu: kwa nini mimi?

Katika siku hizo alikuwa akija kwetu mama mmoja mzee wa parokia yetu, mwanachama wa Legio ya Maria. Sisi humwita Shosho. (Msiichanganye Legio hii na kanisa la Legio Maria lililozaliwa Nyanza miaka ya 1960. Hii ninayoisema ni chama cha walei ndani ya Kanisa Katoliki.) Alikuja kila wiki bila kukosa. Mwanzoni nilitazama mikono yake nikitarajia kuona mfuko wa matunda. Wapi! Wanalegio hawagawi pesa wala chakula. Wao huja wenyewe, basi. Shosho aliketi, akaniuliza habari za masomo, akasali kidogo, akaenda zake. Siku moja, aliponiona nimenuna kama mvua ya Julai, aliniambia kuwa chama chao kililetwa nchini mwetu na msichana aliyekuwa akiumwa ugonjwa huu huu wangu. Nilidhani ananifariji tu. Nilipopata nguvu nikaanza kuuliza na kusoma, na kumbe mama wa watu alisema kweli. Habari za msichana huyo ndizo ninazotaka kuwasimulia.

Jina lake lilikuwa Edel Quinn. Alizaliwa tarehe 14 Septemba 1907 karibu na mji wa Kanturk, jimbo la Cork, nchini Ireland. Baba yake alifanya kazi ya benki, na kwa sababu ya uhamisho familia ilikuwa ikihama kutoka mji hadi mji. Edel alikuwa msichana mchangamfu, mpenda michezo, tenisi hasa, na mpiga piano. Alipelekwa shule ya bweni Uingereza. Lakini mambo ya pesa yalipoharibika nyumbani ilibidi aache masomo, arudi Dublin, atafute kazi ya ofisini ili aisaidie familia. Hapo tayari ndoto ya kwanza ilikuwa imekatika.

Akiwa na umri wa miaka 20 hivi alijiunga na Legio ya Maria. Chama hicho kilianzishwa Dublin tarehe 7 Septemba 1921 na Frank Duff, mfanyakazi wa serikali, mtu wa kawaida asiye padri. Utaratibu wake ni mwepesi kueleza ila mgumu kuufuata. Watu wachache hukutana kila wiki, husali rozari, kisha kila mmoja hupewa kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: kumtembelea mgonjwa, kumtafuta aliyepotea njia, kumfundisha asiyejua dini. Akirudi lazima atoe ripoti. Haikuchukua muda, Edel aliwekwa kuongoza kikundi kilichowashughulikia wanawake waliokuwa wakiuza miili yao mjini. Wengine walimwona mdogo mno kwa kazi hiyo, naye akaifanya bila makuu.

Tajiri wake kazini, Mfaransa, alimpenda na kumposa. Edel alikataa kwa heshima kwa kuwa alikuwa ameshaamua kuwa mtawa. Alitaka kuingia shirika la Mtakatifu Klara huko Belfast, watawa wanaoishi ndani ya kuta katika ufukara na sala. Aliahirisha safari hiyo kwa muda kwa sababu familia ilimtegemea. Hatimaye, mwaka wa 1932, njia ikafunguka. Ndugu msomaji, hebu fikiria: umengoja miaka, umeshapokelewa, kilichobaki ni kufunga sanduku. Hapo hapo akatapika damu. Madaktari wakasema ni kifua kikuu, tena kimekwisha kula sana.

Alilazwa katika hospitali maalumu ya wagonjwa wa kifua katika jimbo la Wicklow kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Mnaojua kulala kitandani wiki moja mnaweza kukadiria. Tena wakati huo dawa ya kuua vijidudu vyenyewe haikuwepo. Tiba ilikuwa kupumzika, hewa safi na chakula kizuri, kisha kungoja. Edel alipoona kuwa hapati nafuu ya maana na gharama zinawaumiza wazazi, aliamua kurudi nyumbani. Mlango wa utawa ulikuwa umefungwa, kwa kuwa maisha yale magumu hayangemfaa mtu wa afya yake.

Mimi niliposoma hapo nilisimama kidogo. Huyu naye alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mimi. Huenda aliuliza, ni binadamu. Lakini ukifuata alichofanya baadaye utaona kuwa swali lilikuwa limegeuka. Aliishi kama mtu anayeuliza: hizi nguvu chache zilizobaki ni za nani?

Akarudi kazini, akarudi Legio. Mwaka wa 1936 alikuwa tayari kwenda Wales kuieneza. Wakati huo huo maaskofu wa Afrika ya Mashariki walikuwa wakiomba mjumbe wa Legio. Viongozi wa Dublin waliketi na kubishana. Kumtuma msichana wa miaka 29, mgonjwa wa kifua, peke yake, bara asilolijua? Baadhi yao waliona ni sawa na kumpeleka kaburini. Yeye mwenyewe aliwaambia kuwa anajua vizuri, safari yenyewe si ya matembezi. Alikubaliwa. Mwishoni mwa mwaka huo wa 1936 alipanda meli, akateremka Mombasa, akapanda gari la moshi hadi Nairobi.

Nairobi ya wakati huo ilikuwa imekatwakatwa kwa rangi. Mzungu na mtaa wake, Mhindi na wake, Mwafrika na wake, hata hospitali na shule vilikuwa hivyo. Edel alianza vikundi miongoni mwa Waafrika, Wagoa na Wazungu, na alisisitiza kuwa Legio ni moja. Wapo waliodhani kuwa Mwafrika hawezi kuandika kumbukumbu za mkutano wala kutunza hesabu za chama. Yeye aliwafundisha wanachama, akawaachia kazi waifanye wenyewe, akaenda kuanzisha kingine. Ndiyo sababu alipoondoka vikundi havikufa. Kalamu zilikuwa mikononi mwa wenyeji.

Kuhusu safari zake, sijui nianzie wapi. Sisi leo tukikwama kwenye foleni kati ya Ruiru na Githurai, juu ya barabara kuu iliyokamilika mwaka wa 2012, tunalia kama tumeonewa. Yeye alisafiri kwenye vumbi na matope, kwa gari la moshi, kwa lori, na kwa Ford kuukuu aliyoinunua, ambayo kwa mzaha aliiita Rolls-Royce. Alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, akavuka bahari hadi Mauritius, akashuka hadi Nyasaland, nchi tunayoiita Malawi. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imeanza, safari zikawa ngumu zaidi, naye hakusimama. Waliomjua walisema alikuwa na kicheko cha karibu na kwamba habari za afya yake ilikuwa lazima umchimbe ndipo ujue.

Lakini mwili si chuma. Mwaka wa 1941, akiwa Nyasaland, alianguka. Malaria na kifua vilimkamata kwa pamoja, akakonda akabaki mifupa. Alipelekwa Afrika ya Kusini, akalazwa humo kwa miezi mingi. Wengi walihesabu kuwa kazi imekwisha. Alipoweza tu kusimama aliomba kurejea, na mwaka wa 1943 alikuwa Kenya tena, akitembelea vikundi alivyoviacha, polepole sasa, akipumzika kila baada ya kazi kidogo. Jioni ya tarehe 12 Mei 1944, kwenye nyumba ya masista mjini Nairobi, moyo wake ulichoka. Alikuwa na miaka 36. Alikuwa amefanya kazi katika nchi zetu kwa miaka saba na ushei, huku akiugua. Tarehe 15 Desemba 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alitambua rasmi kuwa Edel Quinn aliishi fadhila za Kikristo kishujaa, hatua inayotangulia kutangazwa mwenye heri.

Sasa kuna jambo moja lililonikereketa zaidi ya yote. Dawa ya kwanza iliyoweza kukiua kijidudu cha kifua kikuu mwilini, streptomisini, iligunduliwa Marekani mwaka wa 1943 na kutangazwa mwanzoni mwa 1944. Yaani ilitangazwa miezi michache tu kabla ya kifo chake, na haikumfikia. Yeye alikufa kwa kukosa kitu ambacho mimi nilikuwa nacho kwenye droo.

Na hapa ni lazima niungame. Mwezi wa tatu wa tiba, nilipoona kikohozi kimeisha na mwili umerudi, nilianza kuruka tembe. Zilikuwa zinanichafua tumbo, na isitoshe nilijiambia kuwa nikiwa na imani Mungu atamalizia. Mamangu hakujua. Shosho ndiye aliyegundua, kwa kuwa macho ya wazee hayadanganywi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ninadhani Edel Quinn, angepewa tembe zile, angezificha chini ya godoro. We acha tu! Nilitamani ardhi ipasuke. Kesho yake tulirudi kliniki, nikakemewa vilivyo na kuelezwa kuwa ukikatiza dawa vijidudu hupata kiburi na huenda dawa zisivifae tena. Nilianza upya kuhesabu siku, na safari hii nilimaliza.

Likizo ya Agosti iliyofuata, Shosho na wenzake walinichukua hadi Msongari, Nairobi, kwenye misheni ya Mtakatifu Austin. Wamisionari waliifungua mwaka wa 1899, nao ni miongoni mwa waliotangulia kupanda kahawa karibu na Nairobi, zao lililokuja kuenea hadi huku kwetu Ruiru na Thika. Katika makaburi ya wamisionari hapo ndipo alipolala Edel. Nilikuwa nimejiandaa kusema sala ndefu. Nilipofika nilisema asante, basi, kisha nikavuta pumzi ndefu hadi mwisho wa mapafu. Haikuuma.

Wengine wamewahi kunieleza kuwa mateso ni zawadi. Mimi, niliyelala nikiloweka shuka kwa jasho, siwezi kusema hivyo, na sioni kama Edel aliutafuta ugonjwa wala kuusifu. Alikwenda hospitali, alipumzika alipoambiwa, na alipougua mno alikubali kutunzwa. Ninachokiona kwake ni kwamba ugonjwa ulimfungia mlango aliouchagua, naye hakuketi mlangoni akilia. Imani yake ilimwambia kuwa msalaba alioubeba Yesu ulikuwa kwa ajili ya watu, basi na wake pia uwe kwa ajili ya watu. Ndipo ukawa na maana. Dhiki iliyobebwa kwa ajili yako peke yako ni mzigo tu. Ikibebwa ukielekea kwa mwenzako, inakuwa safari.

Wanachama wenzangu wa Kiswahili, nanyi walimu wetu wapendwa, muhula huu mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza alirudi shuleni baada ya wiki kadhaa za kuugua. Sitamtaja. Niliona vile madawati yalivyoanza kusogea, polepole, kama yana miguu. Nilichukua vitabu vyangu wakati wa chakula cha mchana, nikaenda nikaketi karibu naye, nikamuuliza habari za masomo. Sikuwa na matunda ya kumpa. Nilikuja mwenyewe, basi.