Jacques Cousteau na Hofu ya Vilindi

Jacques-Yves Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni, 1910, katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, nchi ya Ufaransa. Jina lake lajulikana duniani kote kwa ajili ya kuzamia baharini, na wengi hudhani kwamba mtu wa namna ile hakujua hofu. Maisha yake yaonyesha vingine.

Alipokuwa kijana aliingia jeshi la wanamaji, akitaka kuwa rubani wa ndege. Mwaka 1936 alipata ajali ya motokaa, mikono yake ikavunjika, na tumaini la urubani likaisha. Ili mikono ipate nguvu tena, akawa anaogelea karibu na Toulon. Huko rafiki yake Philippe Tailliez alimpa miwani ya kuogelea. Alipotazama chini ya maji, akayapenda yaliyomo.

Siku zile mzamiaji wa kazi alivaa kofia nzito ya shaba, akaletewa hewa kwa mpira kutoka juu. Cousteau alitaka kwenda huru kama samaki. Mwaka 1939 alijaribu chombo cha kuvutia oksijeni tupu. Alipofika kina cha mita 14 hivi, midomo ikaanza kutetemeka na mwili ukakakamaa. Aliwahi kuutupa mkanda wake wa uzito kabla ya kuzimia, akaelea juu, mabaharia wakamwokoa. Akakitengeneza chombo upya, akajaribu tena, yakampata yale yale. Basi akatambua kwamba oksijeni tupu, ikivutwa chini ya mgandamizo mkubwa, hugeuka sumu. Akaiacha.

Mwaka 1943 alishirikiana na mhandisi Émile Gagnan kutengeneza chombo kingine. Kilikuwa na mitungi ya hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, na vali ya kumpa mzamiaji hewa yenye mgandamizo sawa na wa maji yanayomzunguka. Walikijaribu kwanza katika mto Marne. Cousteau alipolala kifudifudi kilifanya kazi vizuri, lakini aliposimama hewa ikavuja. Wakakirekebisha. Mwezi wa Juni alizama baharini bila mpira wa kumfunga. Mkewe Simone alielea juu akimwangalia, na rafiki yake Frédéric Dumas alikaa pwani, tayari kumfuata likitokea lolote.

Jaribio kubwa lilikuja tarehe 27 Agosti, 1946, katika chemchemi ya Vaucluse, ambayo maji yake hutoka pangoni. Cousteau na Dumas waliingia gizani wakifuata kamba. Mara akili zao zikalegea kama za walevi, na Dumas akawa karibu kuzimia. Cousteau akaivuta kamba kuomba msaada, lakini Maurice Fargues aliyekuwa juu akafahamu kwamba anataka kamba zaidi, akamlegezea. Mwishowe Fargues akashuku, akavuta kwa nguvu zake zote, nao wakaokoka. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1953 Cousteau aliihesabu siku ile kuwa mbaya kuliko zote alizozamia.

Mtu mwingine angalisema pango lile lina mashetani. Wao waliipima hewa ya mitungi, wakakuta gesi ya sumu, kaboni monoksaidi. Mashine ya kushindilia hewa ilikuwa imevuta moshi wa injini yake yenyewe. Hofu ikapata jina, na jambo lenye jina laweza kuzuiwa.

Lakini bahari haikuacha kudai heshima yake. Mwaka 1947 Fargues, yule yule aliyewaokoa, alifika kina cha mita 120 katika jaribio, wala hakurudi hai. Cousteau na wenzake wakajifunza kwamba kuna mpaka ambao hewa ya kawaida haimruhusu mtu kuupita.

Walisonga mbele kwa hatua zilizopimwa. Mwaka 1963, katika Bahari ya Sham karibu na pwani ya Sudan, Cousteau alisimamia nyumba iliyowekwa mita 10 chini ya maji, na watu watano wakakaa humo mwezi mzima. Alifariki mjini Paris tarehe 25 Juni, 1997.

Wazee husema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Wanafunzi wenzangu, Cousteau aliyafika, lakini hakujitupa tu. Kila alipoogopa aliuliza sababu. Palipokuwa na dawa aliitafuta, na pasipokuwa na dawa alirudi nyuma bila kuona haya. Hofu ikiulizwa hivyo huwa mwalimu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne