Billie Holiday na Binti Zetu

Kila niwafundishapo wasichana wa kidato cha nne juu ya madhara ya dawa za kulevya, humkumbuka Billie Holiday, mwimbaji wa jazi. Alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka wa 1915, akalelewa Baltimore katika ufukara. Akiwa na umri wa miaka 18 alirekodi nyimbo. Lakini wanaume aliowapenda walimpiga na kumla fedha zake, naye akatafuta liwazo katika heroini. Mwaka wa 1947 alihukumiwa kifungo. Alipotoka, akanyimwa kibali cha kuimba katika vilabu vya New York vilivyouza pombe. Mwaka wa 1959 alikamatwa tena akiwa mgonjwa kitandani hospitalini, na tarehe 17 Julai akafariki, umri wake miaka 44.

Nionavyo, wakubwa waliziandama dawa alizotumia, wasiyaulize majeraha yake. Walimu wenzangu, tusirudie kosa hilo. Mwanafunzi wa kike akinaswa amelewa, kabla ya kumfukuza shuleni tumuulize kwa upole kama yuko mpenzi anayempiga. Nanyi mabinti, kumbukeni: kikulacho ki nguoni mwako.